Mzee Aliyekataa Kufunga Madirisha

Karani wa chama chetu cha wakulima wa zabibu pale Makutupora amefariki, wasomaji wangu, na tumemzika kwa heshima zake zote. Mwenyekiti ndiye aliyenipigia simu kunipa habari. Akalia, nami nikalia, kisha, Mungu atusamehe, tukaikumbuka kompyuta yake tukaanza kucheka. Marehemu asingechukia. Sisi wenye vipande vya shamba pale tulimtania miaka mingi, naye akaturudishia kwa riba, hata kunyamaza leo kungekuwa kumkosea adabu.

Kila asubuhi mzee aliwasha kompyuta, akafungua programu ya barua pepe, akashughulika nayo kidogo, kisha akaenda kunywa chai. Akirudi, ilikuwa imeganda. Tulisema ukibonyeza herufi leo, utaiona kesho. Tukachanga, tukaiongezea memori. Programu ikaila yote na bado ikawa na njaa. Mwisho tukamwita fundi kutoka Kizota, mwanamke mwenye karakana yake na asiyependa maneno mengi. Alimwamkia mzee, akaketi, akaondoa vikorombwezo vilivyojipachika kwenye programu, akahamisha barua za zamani, akazima na kuwasha upya. Mashine ikakimbia. Asubuhi iliyofuata ikaganda vilevile, na fundi akaichukulia kama tusi kwake binafsi.

Alirudi siku ambayo sote tulikuwa na presha. Zabibu zilikuwa zimeshavunwa, kreti zimepangwa kivulini, na jua la Dodoma mnalijua, kivuli halikiheshimu. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa ameandika kwamba anataka kujua kiasi cha mzigo kabla ya saa kumi alasiri, la sivyo lori lake litakwenda kwingine. Simu yake haikupatikana. Tukasema basi tumjibu kwa simu ya mmoja wetu, kwa anwani ya chama. Neno la siri? Mzee akaapa kwamba yeye halijui, kompyuta ndiyo inayolijua.

Fundi akatazama sehemu ya chini ya kioo, akauliza kwa upole kwa nini kuna madirisha mengi hivi. Hapo ndipo siri ilipotoka. Kila barua ambayo mzee hakuwa ameijibu ilikuwa wazi katika dirisha lake, na kila asubuhi, kabla ya chai, alizifungua zote upya, moja moja.

"Babu, kila moja inakula memori. Mbona huzifungi?"

"Hao sijawajibu bado, mwanangu. Mtu kakusalimu, unamfungiaje mlango usoni?"

Fundi akaanza kumsomea. Alikuwemo muuza pampu aliyeandikia nusu ya nchi. Walikuwemo watu wa semina iliyokwisha zamani. Alikuwemo hata yule mjane wa ng'ambo, mnamjua, ambaye marehemu mumewe ameacha mamilioni na anatafuta mtu mwaminifu wa kugawana naye. Fundi akasema huyo ni tapeli. Mzee akajibu kwamba huenda, lakini kafiwa. Atampa pole kwanza, hayo ya urithi yatajulikana baadaye.

Fundi alitaka kuzima yote kwa mkupuo. Mzee akaweka kiganja juu ya kipanya, akagoma. Wakakubaliana kufunga moja baada ya nyingine, na kila moja ilipofungwa mzee aliinama kidogo akasema, "Samahani, nitarudi." Sisi tulikuwa nje tukihesabu hasara. Nilikasirika, na sioni sababu ya kujidai sikukasirika. Programu ilipopata pumzi, mzee akaandika jibu lake. Likaanza na Mbukwenyi, salamu ya Kigogo, likauliza afya ya mnunuzi, ya mama yake mzazi, na hali ya mvua huko aliko, ndipo likafika kwenye zabibu. Jibu lilifika limechelewa; lori lilikuja limeshajaa nusu kwa mzigo wa wengine, likachukua za wachache. Zangu niliziuza kwa ndoo kando ya barabara, nikamnunia mzee wiki nzima. Yeye akaendelea kunisalimu kila asubuhi kana kwamba namwitikia.

Fundi alikuwa na haki, na zabibu zangu ni shahidi. Ofisi haiendeshwi kwa kumpa pole tapeli. Lakini tazameni tulikohamia. Siku hizi tunasoma ujumbe wa ndugu, tunautelezesha kwa kidole, tunaendelea na yetu. Wepesi wa mashine umetuingia mpaka moyoni. Msimu uliofuata mnunuzi yule alirudi kwetu mapema kabla ya kwenda kokote, na sote tulidhani ni kwa sababu ya utamu wa zabibu.

Juma hili amenipigia simu, msimu ukiwa umekaribia. Ameandikia chama, akajibiwa kabla hajashusha pumzi: ujumbe wako umepokelewa, tafadhali usijibu ujumbe huu. Akaniuliza yule mzee wa salamu kaenda wapi. Nikamwambia.

"Aliniandikia kuuliza hali ya mama," akasema. "Nikasoma, nikafunga. Nilikuwa sijamjibu."

Fungeni madirisha, wasomaji wangu, kompyuta zenu zipumue. Ila aliyewasalimu, mwitikieni kwanza, angali yupo.