Mashua ya Moshi Iliyooza Tumboni

Mume wangu alizaliwa Tabora, na baba yake vilevile, lakini ukimuuliza kwao ni wapi alikujibu, "Pwani," bila kusita. Bahari hakuwahi kuiona. Aliyeiona ni babu yake, aliyepanda bara na msafara wa nguo na shanga asirudi tena. Mzee huyo alimwachia mjukuu wake msahafu, kanzu moja, na majina ya viungo vya chombo: mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba kila kitu, na mataruma, ambayo ndiyo mbavu zake. Nikiwa namenya ndizi uani kwetu Mabira, huku Karagwe, yeye alikaa kwenye kigoda akinitajia majina hayo moja moja, kama mtu anayewataja ndugu walio mbali. Mimi ni Mnyambo, binti wa palepale. Sikuelewa nusu yake, ila nilipenda kumsikiliza.

Zama hizo Wajerumani walikuwa wameshazoeleka. Tulikuwa na kiduka cha kaniki, chumvi na shanga, na tulinunua ngozi na buni kwa wakulima. Mizigo ilishuka kwa vichwa vya wapagazi mpaka mto Kagera, kisha mjomba wangu, ndugu wa mama, akaipeleka chini kwa mtumbwi. Mjomba alikuwa mvushaji na mchongaji wa mitumbwi. Alikuwa mtu wa maneno machache, vidole vimekomaa kama mizizi.

Msimu mmoja wa senene mume wangu alirudi kutoka mtoni akiwa hata viatu hajavua.

"Mke wangu, nimeona chombo!"

Ilikuwa mashua ya moshi, ya mbao, yenye dohani katikati na tangi la chuma la kuchemshia maji. Mwenyewe alikuwa Mzungu mnunuzi wa ngozi aliyekuwa anarudi kwao, naye alikuwa amemwachia msimamizi wake aiuze. Bei yake ilikuwa ng'ombe. Mume wangu alikuwa nao, lakini alipungukiwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa wangu, mtamba mwekundu niliyepewa na baba nilipoolewa. Hakuniomba. Alitazama chini tu, nami nikasema mwenyewe, "Mchukue." Hadi leo sijui kama nilimpa kwa sababu ya mashua au kwa sababu ya uso wake ulivyong'aa jioni ile.

Tulikwenda kuitazama watu watatu: yeye, mimi na mjomba. Ilikuwa imefungwa penye mafunjo, imepakwa rangi nyeupe mbichi, na chini imesilibwa lami nzito inayometa. Mume wangu alizunguka akigonga mbao kwa kifundo cha kidole na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Mjomba aliingia ndani, akainama karibu na tangi, akakaa hivyo kwa muda.

"Mkwe," akasema, "huku chini kunanuka uyoga."

"Ni unyevu wa mto, mjomba."

"Nibandulie ubao mmoja tu hapa chini ya tangi. Nitie ncha ya kisu."

Msimamizi akadakia kwamba sakafu ile imepigiliwa na mafundi wa Kizungu, ikibanduliwa hairudi. Mume wangu akacheka, kicheko ambacho sikukipenda.

"Mjomba, wewe unajua magogo ya kuchonga. Hiki ni chombo cha mbao na misumari. Watu wa kwetu wamezaliwa humu."

Mjomba akafuta mikono kwenye shuka lake, akatoka. Mimi nilikuwa nimeisikia ile harufu. Nilinyamaza, na kunyamaza huko kumenisumbua miaka mingi.

Siku ya safari ya kwanza watu walikuja hata kutoka ng'ambo. Wanawake walipiga vigelegele, wazee wakashika vifimbo vyao wakiukodolea macho moshi. Tulipakia ngozi na magunia ya buni. Mwendesha mashine, aliyekuja pamoja na mashua, akachochea kuni. Mume wangu alivaa kanzu ya babu yake, akasimama mbele ameshika ukingo, na nakuambia, alipendeza. Nilikaa juu ya magunia nikamtazama, nikajisemea kwamba huyu mtu leo amefika kwao.

Nyuma yetu, mbali kidogo, mjomba alikuwa kwenye mtumbwi wake. Alisema anakwenda kutega kambare.

Tulikwenda vizuri mpaka penye kona ambapo maji hujikusanya. Pale mashine ilianza kutetema, na tangi likainama upande, polepole, kama mzee anayeketi. Mume wangu alirudi kulitazama. Alipoweka mguu karibu nalo, ubao ukabonyea, mguu ukapita mpaka gotini. Hapakuwa na kishindo, palisikika tu mlio mlaini, kama wa ndizi iliyoivia motoni. Maji yakaja meusi yakiwa na vumbi la mbao. Mwendesha mashine aliruka akaogelea. Mume wangu hakuruka.

"Sijui kuogelea," aliniambia, kwa sauti ya chini kabisa, kana kwamba ndiyo aibu kubwa kuliko kufa.

Na mimi sikujua. Tulishikana mikono, maji yakiwa mapajani, mpaka ubavu wa mtumbwi ukagusa mashua na mkono wa mjomba ukaishika kanzu ile kifuani. Alimvuta yeye kwanza kwa sababu mguu wake ulikuwa unavuja damu, kisha mimi. Magunia yalizama. Ngozi zilielea kidogo, zikaenda zake.

Wiki nzima mume wangu hakufungua duka. Siku ya nane akajikongoja na mguu uliofungwa majani ya dawa mpaka kwa mjomba, nami nyuma yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe."

"Nilikuvunjia heshima."

Mjomba alikuwa anachonga. Hakuacha. "Uliingiwa na mapenzi," akasema. "Mwenye mapenzi hanusi."

Mto uliposhuka wakati wa kiangazi tuliivuta mashua kwa kamba. Mkuku ulikuwa umeoza kuanzia chini ya tangi hadi nyuma. Niliumega kwa mkono, ukavunjika kama kiporo cha viazi. Mataruma yalikuwa yamebaki ganda, na juu yake rangi na lami. Msimamizi alikuwa ameshaondoka zamani. Lakini tangi lilikuwa chuma kizima, na Karagwe ni nchi ya wahunzi. Walikuja, wakalizunguka wakilipapasa, wakalikata, wakafua majembe na mundu ambazo tuliuza hadi Ihembe na Rugu. Hazikurudisha ng'ombe wote. Zilirudisha mtamba mmoja, mweusi, na mume wangu alinikabidhi kamba yake mbele ya mjomba.

Baada ya hapo alijifunza kupiga kasia. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na watoto wa wavuvi walimcheka, naye akacheka nao. Miaka iliyofuata tulishuka mto pamoja, yeye nyuma na kasia, mimi mbele na chungu cha ndizi mapajani, ndege wakiruka kutoka kwenye mafunjo. Alipotaka kupumzika aliingiza kasia ndani, akauachia mto utubebe, akaniuliza kama bado kuna ndizi ya moto.