Matawi Mabichi Mteremkoni

Mimi ni mtu wa haraka. Nikipewa chai ya moto naichanganya na maji baridi ili niimalize, na padri akirefusha mahubiri mguu wangu unaanza kucheza chini ya benchi. Baiskeli niliipenda kwa sababu hiyo hiyo: ndiyo kitu pekee mjini Bunia ambacho hakijawahi kuniambia ningoje. Niliinunua ya mitumba, yenye usukani uliopinda chini na matairi membamba, kutoka kwa mfanyabiashara aliyeileta pamoja na mizigo yake ya Uganda. Majirani zangu huku mtaani Shari walinicheka sana. Waliuliza ni baiskeli gani isiyoweza kubeba hata kidumu kimoja cha maji.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, hakucheka. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa upande wa Mahagi, mpole hadi anakera. Alikuwa na baiskeli nyeusi ya chuma aliyorithi kwa baba yake, nzito, yenye kengele kubwa na breki moja tu ya nyuma, nayo ya kubahatisha. Kwenye mteremko alijisimamisha kwa soli ya kiatu cha kushoto. Kiatu hicho kilikuwa hakikauki kwa fundi.

Kila Jumamosi alfajiri tulitoka wawili kwenda milimani, kwenye njia ya zamani ambayo magari makubwa yalikuwa yameiacha. Tulipanda kwa saa mbili kati ya mashamba ya viazi na mikaratusi, tukateremka hadi kwenye daraja la mto unaoingia katika bwawa la umeme, kisha tukapanda ng'ambo ya pili na kukaa juu tukitazama maji. Hapo tulikula ndizi na kupanga safari zisizofanyika. Yeye alikuwa na ndoto ya kufika Kpandroma kwa baiskeli. Mimi nilimwambia kwa mwendo wake tutafika tukiwa tumestaafu.

Kilichotuchelewesha zaidi ni adabu yake. Huku kwetu njia haitazamwi tu, huulizwa. Ukikutana na mtu anayetoka unakokwenda, unasimama, mnasalimiana, halafu unamuuliza njia ikoje, naye anakuambia alichokiona. Shemeji alishuka kwenye baiskeli kwa kila mama mwenye kikapu cha kabichi. Aliuliza habari ya njia, ya watoto, ya mvua, mpaka mimi niliyekuwa mbele nikachoka kuwangoja na kuondoka zangu. Nilijua atanifuata tu, polepole, akipiga kengele kila kona.

Siku ile dada yangu alitusindikiza hadi mlangoni. Habari za milimani zilikuwa mbaya kwa wiki kadhaa, ingawa si za upande wetu. Alimtengenezea mumewe kola ya koti, kisha akanigeukia mimi.

"Weye iko unakimbia sana. Yeye hana freni. Munaenda babili, mutarudi babili, unasikia?"

"Tutarudi babili," nikamwambia. Nilikuwa tayari nimeshapanda.

Kilichonishangaza kwanza ni kwamba tulipanda mlima mzima bila kuuliza njia, kwa sababu hapakuwa na wa kumuuliza. Ilikuwa siku ya soko, na kwa kawaida saa hizo akina mama huteremka kwa mistari. Hatukukutana hata na mmoja. Milango ya nyumba ilikuwa imefungwa, na kwenye ua mmoja moto ulikuwa ukiwaka chini ya sufuria bila mtu karibu. Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi, kwa sababu kwa mara ya kwanza shemeji hakuwa na mahali pa kusimama.

Juu kabisa, kabla ya mteremko, nilimngoja. Alifika akihema, akatazama huku na huku.

"Batu bameenda wapi?" akauliza.

"Bamelala. Twende, jua litatuchoma."

"Siye tungeuliza kwanza."

"Utamuuliza nani, shemeki? Mbuzi?"

Hata mbuzi hawakuwapo. Akacheka kidogo, akaniambia nitangulie.

Kona ya tatu ya mteremko ule ni kali, na baada yake barabara inashuka moja kwa moja hadi darajani. Nilipoikaribia niliona matawi ya mikaratusi yamelazwa barabarani. Katika njia zetu matawi yana maana. Lori likiharibika, dereva hukata matawi na kuyaweka upande wake wa barabara, ili anayekuja ajue kuna kitu mbele. Likishatengenezwa anaondoka, na matawi yanabaki kukauka hapo hapo. Kila mtu anajua hivyo. Kila mtu anajua pia kwamba matawi yaliyolazwa kutoka mtaro hadi mtaro, bila kuacha upenyo, si ya lori. Hayo huwekwa na wenyeji. Yanasema: geuka.

Haya yalikuwa mabichi, maji yake yakinata. Yalitoka mtaro hadi mtaro.

Nilishika breki, nikashuka, nikayatazama. Nimejiuliza mara nyingi nilifikiri nini pale. Nilichokumbuka wakati ule ni soli ya shemeji. Atakuja hapa na kiatu chake, nikawaza, hataweza kusimama, atajikwaa kwenye majani haya na kuvunja shingo, na dada yangu ataniua. Na chini ya wazo hilo zuri kulikuwa na lingine: mteremko wote ulikuwa mbele yangu, mtupu, na sikutaka kugeuka. Nikayashika matawi kwa mikono miwili na kuyatupa mtaroni, yote, hata yale madogo. Nilijiona mtu mwema. Tenda wema uende zako, wanasema, nami nikaenda zangu.

Nilivuka daraja kwa kasi. Kwa kawaida pana wanawake wanaofua na watoto wanaooga. Siku hiyo palikuwa na sabuni juu ya jiwe na nguo moja iliyoloana, basi. Matete ya kando ya mto yalitikisika ingawa hapakuwa na upepo. Nikakanyaga pedali kwa nguvu zote hadi juu, mahali petu, na huko ndiko nilikogeuka kutazama nyuma.

Bwawa lilikuwa limetulia kabisa. Kutoka pale daraja halionekani, linafichwa na miti. Nikangoja. Halafu nikasikia kengele yake, kona ya kwanza. Kona ya pili. Kona ya tatu. Nikashusha pumzi. Kisha kengele ikalia tena huko chini darajani, ambako hakuna kona, ikalia mfululizo, bila kupumzika, mpaka nikaelewa kwamba alikuwa ananiambia nikimbie. Ikanyamaza.

Nilikimbia. Sikuteremka kumwangalia. Nilizunguka bwawa kwa njia ya wavuvi, nikisukuma baiskeli matopeni, nikilia kwa sauti kama mtoto, na nikafika Bunia mchana ukiwa umekwisha. Dada yangu alikuwa mlangoni. Alitazama nyuma yangu kwanza, halafu akaishika mikono yangu yote miwili.

"Mwenzako iko wapi?"

Nikamweleza yote: njia tupu, nguo juu ya jiwe, kengele. Matawi sikuyataja. Alipoiachia mikono yangu alinusa yake, akasema nanuka dawa ya kifua. Nikaenda kunawa. Nilinawa mara tatu, na harufu ya mkaratusi haikutoka.

Shemeji alirudi siku ya nne, kwa miguu, bila viatu. Watu wenye silaha waliokuwa kwenye matete walimbebesha magunia hadi ndani ya milima, kisha wakamwacha alipoanguka. Tangu hapo mkono wake wa kulia haushiki chaki vizuri, anaandika ubaoni kwa kushoto. Alituambia watu wale walikuwa wakigombana alipofika, wakilaumiana kwa nini walimwacha wa kwanza apite.

Sasa hapandi baiskeli tena. Wala hanunui kitu cha watu wa milimani. Mama wa viazi akipita mtaani, yeye mpole wangu anamgeuzia kisogo, na dada yangu anamfukuza kabisa.

"Zamani bale batu balikuwa banawekaka majani mu njia," anasema. "Sasa bamekuwa na roho mubaya. Baliona bwana yangu anaenda kufa, banyamaza."

Nami nafikiri juu ya mtu aliyetoka nje asubuhi ile wakati wenzake wote wamejificha, akakata matawi kwa panga, akitetemeka, na kuyapanga vizuri kutoka mtaro hadi mtaro.

Jumapili iliyopita tulikuwa mezani kwao. Shemeji alikuwa akihangaika na kijiko kwa mkono wa kushoto, akaniangalia kwa upole wake ule ule.

"Weye ulipita mbele yangu," akasema. "Haukuona hata jani moja?"

Dada yangu akaacha kupakua, akanitazama.

"Sikuona," nikasema.

"Si nilisema?" akasema dada, na akaniongezea maharagwe.