Alasiri Baba Alipopiga Enanga Miembeni

Wageni walikuwa watatu, kutoka Ayalandi: mama mmoja wa makamo mwenye fidla, mwanamume wa filimbi, na mwingine wa ngoma bapa inayopigwa kwa kijiti. Walikuwa wakizunguka mikoa ya ziwa wakipiga muziki wa kwao kwenye kumbi za jamii, na kila walikofika waliomba wapange zamu na wapigaji wa hapo. Bukoba wakapewa ukumbi wa Miembeni, ule ambao leo una semina na kesho una sendofu ya bi harusi.

Mimi nafundisha Kiingereza sekondari, kwa hiyo kamati ikaniona nafaa kuwa mshereheshaji na mkalimani kwa pamoja. Nilikubali hata kabla hawajamaliza kuniomba. Nikionyeshwa kipaza sauti huwa sijui kukataa, na hilo wanafunzi wangu wanalijua.

Ndipo mjumbe mmoja akauliza, "Na mzee wako bado anapiga enanga?"

Baba yangu alikuwa Kimwani, kule Muleba, peke yake na kibanja chake cha migomba na kahawa. Tangu tumzike mama alikuwa hajaigusa ile enanga. Ilikaa juu ya kabati, ubao mrefu uliochongwa ndani mfano wa kihori kidogo cha kukamulia ndizi za pombe, nyuzi zake zimelegea. Alikuwa na nyimbo nyingi, lakini mmoja ulikuwa wake peke yake. Ulikuwa hadithi ya mwanamke aliyeolewa nchi ya mbali, akaanza safari ya kurudi kwao kwa miguu. Baba aliupata kwa babu yake, na sikumjua mtu mwingine aliyeujua. Mimi mwenyewe sikuwahi kuusikia hadi mwisho. Utotoni nililala katikati, na ukubwani nilikuwa na haraka ya kurudi mjini. Niliogopa ataondoka nao, na nikaona ukumbi ule ndio utakaomrudisha kwenye nyuzi.

Nilipomfuata Kimwani hakuuliza wageni ni akina nani wala watu watakuwa wangapi. Aliuliza, "Nani ataniitikia?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Nyumbani kwetu enanga haikupigwa mbele ya watu walionyamaza. Baba alifika mahali akakata maneno, vidole vikiendelea polepole, akingoja msikilizaji amwambie "Tulole", yaani tuone, tupeleke mbele. Asipojibiwa, alijua waliomwalika wamechoka, naye alifunga kwa heshima bila kulalamika. Miaka yote mama ndiye aliyemwitikia, hata akiwa anamenya ndizi.

"Mimi, Tata," nikasema.

"Wewe? Walimu mnajua kuuliza. Kuitikia mnajua?"

"Nitaitikia."

Akaniagiza nimletee kitenge kimoja cha mama, akaifunga enanga ndani yake kwa mafundo mawili.

Jumamosi ile mvua ilinyesha tangu asubuhi, na ukumbi ulijaa watu wenye viatu vya matope. Wageni hawakukaa kutuelekea. Walisogeza viti vyao wakatazamana, kama watu wanaokula sahani moja, wakaanza. Muziki wao ulikuwa wa mbio na wa kujirudia, na kabla ya wimbo wa tatu wamama wa kwaya walishasimama wanacheza. Baba alikaa nyuma yangu na enanga yake magotini. Hakucheza, ila mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga sakafu.

Kisha yule mama aliweka fidla chini akaimba bila chombo, macho amefumba. Ulikuwa wimbo wa polepole, na alikuwa ametuambia mapema kwamba unahusu mtu aliyepanda meli akawaacha wazazi. Katikati ya kuimba, mwenzake wa filimbi alimshika mkono na kuanza kuuzungusha taratibu, na kila alipovuta pumzi alimwambia neno dogo la lugha yao.

Baba aliniinamia. "Unaona? Anamwitikia." Sikuwa nimemwona na furaha kama ile tangu msiba.

Zamu yake ilipofika nilimtambulisha kwa lugha mbili, nikajisifu kidogo kuwa ni baba yangu. Akakaa, akajaribu nyuzi, akaanza ule wimbo mrefu. Sauti yake ilikuwa imechakaa lakini ilikuwa imesimama. Mimi nilikuwa nimeketi kati ya wageni, na yule mama akaninong'oneza, anasema nini? Nikamgeukia nikaanza kumtafsiria. Nilipenda jinsi alivyonisikiliza. Nilitafuta maneno mazuri, nikamweleza hata mambo ambayo baba hakuyasema, mahari ni nini na mwanamke anayerudi kwao anatazamwaje.

Baba akanyamaza mara ya kwanza. Niliona vidole vyake vinatembea peke yake, nikasema moyoni, ngoja nimalize sentensi hii. Akaendelea mwenyewe. Akanyamaza mara ya pili. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, watu wameketi wima wakimheshimu kwa namna tunayofundishwa kanisani. Ningeweza kusema lile neno. Lakini nilikuwa nimevaa suti, mgeni rasmi yuko hatua mbili kutoka kwangu, nikaona aibu kuropoka Kihaya peke yangu kwenye kimya kile. Ndiyo, niliona aibu. Mara ya tatu mwanamke wa hadithi alikuwa amefika mtoni na maji yamefurika. Baba alingoja. Kisha akalaza kiganja juu ya nyuzi, akainuka, akainama kidogo. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga.

Yule mama wa fidla hakupiga. Alinitazama akaniuliza kwa sauti ya chini kama wimbo ulikuwa umekwisha kweli. Nikamwambia umekwisha.

Kesho yake nilimrudisha Kimwani. Tulipokwisha kupita Muleba mjini akasema, "Watu wako ni wapole. Walinichoka mapema, lakini ni wapole."

"Walifurahi, Tata."

"Usinibembeleze. Mtu anajua akichokwa."

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kwamba aliyenyamaza ni mimi, si wao. Kilomita zote zile nilikuwa na nafasi. Nikamuuliza kama kahawa imezaa vizuri.

Baadaye nilikwenda mara mbili, nikaketi karibu yake, nikamwomba anipigie tangu mtoni. Mara ya kwanza alisema nyuzi zimeharibika. Mara ya pili nilikuwa nimenunua nyuzi mpya, akazipokea, akashukuru, akaziweka dirishani na kuwasha redio. Alifariki msimu wa senene. Msibani wazee wa ukoo waliniuliza kama niliuandika ule wimbo, kwa kuwa mimi ndiye msomi wao. Niliwajibu kwa ukali usiostahili kwamba kila mtu alikuwa na masikio.

Miezi ikapita, yule mama wa fidla akanitumia sauti aliyorekodi kwa simu yake siku ile. Aliandika kwamba amechelewa, na kwamba huwa anaisikiliza. Niliifungua jikoni kwangu Ijuganyondo, mlango nimeufunga. Baba yupo mle, mzima, sauti inakwaruza. Anaponyamaza mara ya kwanza inasikika sauti yangu, Kiingereza kizuri, nikieleza mahari. Mara ya pili ni mimi tena, ninacheka kidogo. Mara ya tatu sisemi kitu. Nyuzi zinaendelea, zinaendelea, kwa muda mrefu kuliko nilivyokumbuka, na mtu yeyote angekuwa na nafasi ya kulisema lile neno mara kumi. Kisha zinazimwa na kiganja.

Miezi yote nilikuwa nikijiambia kwamba ukumbi ulianza kupiga makofi na mimi nikafuata. Nimesikiliza mara nyingi sasa. Kofi la kwanza linalia peke yake, karibu kabisa na simu, kabla ya mengine yote, na ni langu.