Papa Alisema Ni Tumbo

Papa alisema ni tumbo, na mimi, mkalimani wake, nikasema ni tumbo.

Kwenye zahanati ya Base Camp, hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda, muuguzi alijua Kinyankore na Kiingereza. Papa alijua Kiswahili chetu cha Kivu. Mimi binti yake nikasimama katikati, kama kawaida. Alipoulizwa panapouma hasa, alinitazama kwanza, kisha akaweka kiganja juu ya kitovu. "Mama," akaniambia, alivyozoea kuniita, "umwambie ni hapa. Inaniluma mingi." Akapewa dawa ya minyoo. Muuguzi simlaumu hata kidogo, alitibu maneno aliyopewa.

Kesho yake tumbo likavimba, akawa anatapika hata maji. Gari la wagonjwa likatuchukua kwenda hospitali ya Mbarara. Njia nzima alilia, halafu ghafla akanyamaza, akapumua. "Mungu amesikia. Haiko inaniluma tena." Nikaimba. Ndiyo, niliimba wimbo wa kanisani ndani ya gari lile, na dereva akaitikia.

Wodini, kwenye kitanda cha jirani alilala mwanajeshi wa makamo kutoka kambi ya jeshi, mguu umefungwa bandeji. Alimwona papa anavyoibana shuka kila nikisogea. "Wewe mama, toka nje kidogo," akaniambia. "Mzee iko na maneno ya wanaume."

Nikatoka. Niliporudi, yeye ndiye aliyekuwa akimweleza daktari, na daktari alikwisha kufunua shuka. Ilikuwa ngiri. Kwa miaka mingi utumbo ulikuwa ukimshukia kinenani, naye akiurudisha kwa mkono, peke yake, kimya, huko shambani kwenye mahindi. Safari hii ulibanwa, haukurudi. Nikamwambia daktari kwamba maumivu yameisha, nikitaka afurahi na mimi. Hakufurahi. Alisema utumbo uliobanwa ukiacha kuuma ghafla namna hiyo, huenda umekufa. Wakamkimbiza kupasuliwa.

Baadaye, matangani, watu waliniletea methali: mficha maradhi, kilio humfichua. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Papa hakuficha maradhi. Hata mwanajeshi asiyemjua, papa alimwambia yote mara moja! Kwetu baba hamtajii binti yake sehemu zile, basi. Ningezaliwa mwanamume, angesema siku ile ya kwanza, tena bila kuombwa.

Siku ile alitoka kwenye upasuaji akiwa hai. Walikata kipande kirefu, lakini sumu ilikuwa imeshaenea mwilini. Nilikaa karibu naye mpaka akafumbua macho, sauti imemkauka.

"Mama, pale banganga walinifunua, wewe ulikuwa fasi gani?"

Nilikuwa palepale, kando ya madaktari. Ni mimi niliyemshika mabega walipomhamishia kwenye kitanda cha magurudumu, na niliona kila kitu.

"Nilikuwa inje, papa."

Akashusha pumzi, uso wote ukalegea, akalala. Hakuamka tena. Uongo ule ndio dawa pekee niliyompa ikamfaa.