Wimbo wa Jabali na Msimu wa Besiboli

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, pale Nyamwaga mwenye stashahada nilikuwa mimi peke yangu, na sikuona sababu ya kuificha. Nilikuwa mchunga ng'ombe, nikajisomesha Marekani kwa kufua na kupiga pasi nguo za wanafunzi wenzangu. Nikarudi na stashahada ya uandishi, redio kubwa ya mawimbi mafupi, na mapenzi ya mchezo ambao kwetu hakuna aliyewahi kuusikia: besiboli. Nikapewa kazi ya afisa wa elimu ya watu wazima. Baada ya muda nikatoa kitabu cha hadithi fupi, jina langu limeandikwa juu ya jalada kwa herufi kubwa.

Kukitangaza nilijitwika mwenyewe. Nilikwenda kwenye magulio na madarasa ya kisomo, toka Kerende hadi Mugumu, nikisoma kurasa chache kwa sauti, kisha nawauzia waliopenda. Yote hayo niliyafanya mchana. Jioni yangu sikumpa mtu. Timu ya mji niliosomea ilicheza mchana, na mchana wao ni jioni yetu. Watu wakimaliza kula, mimi nilikuwa nimeshatundika waya wa antena.

Majirani walikuja kusikiliza, nami nikawatafsiria.

"Mmoja anarusha mpira, mwenzake anaupiga kwa rungu, kisha anakimbia."

"Anamkimbia nani?" aliuliza baba mdogo.

"Hamkimbii mtu. Anazunguka, anarudi pale pale alipoanzia."

"Mura, kijana wangu, sisi tukishika rungu tunaitwa wakorofi. Hawa wanatangazwa redioni!"

Hadithi iliyopendwa kuliko zote kitabuni nilisimuliwa na mama utotoni. Ni ya msichana ambaye ndama wake wamefungiwa ndani ya jabali, na jabali halifunguki mpaka liimbiwe. Wimbo wenyewe ulikuwa wa Kikurya cha zamani, na nilipokuwa naandika ulikuwa umenitoka. Nikaandika tu: "Akaimba, jabali likafunguka." Niliona inatosha.

Haikutosha. Kule Mugumu fundi cherehani mmoja aliniachia kibaraza chake nisomee watu. Nilipofika kwenye jabali, akatoa mguu kwenye cherehani. Wanawake walikuwa wameshainua mikono tayari kuupigia wimbo makofi. Nikasoma ule mstari, nikapita.

"Ndugu msomi," fundi akasema, "limefunguka kwa wimbo gani?"

"Nimeufupisha."

"Basi hao ndama bado wamo ndani," mwanamke mmoja akajibu, na kibaraza kizima kikacheka.

Nilirudi Nyamwaga moja kwa moja. Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi, jua la saa sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mmarekani wangu."

"Nataka ule wimbo wa jabali. Niimbie niuandike."

"Mchana huu? Unataka ng'ombe wa watu wapotee? Hadithi ni ya jioni, watu wakishakula."

"Sitaki hadithi, mama. Wimbo tu."

"Wimbo hautoki peke yake. Nikianza kusimulia, nikifika pale kwenye jabali, wenyewe unakuja. Njoo jioni, ukae."

"Jioni nina mchezo."

"Wale wa rungu?"

"Msimu unakaribia kuisha. Ukiisha tu nakuja."

"Haya. Mimi nipo."

Timu yangu mwaka ule ilikuwa inafungwa karibu kila siku. Sikukosa jioni hata moja. Nilijiambia kwamba mtu aliyefika mbali kama mimi ana haki ya kuwa na starehe yake. Kabla msimu haujaisha, dada yangu aliyeolewa upande wa Kenya akajifungua, na mama akavuka mpaka pale Sirari kwenda kumtunza. Msimu ukaisha. Mama akatuma salamu kwamba mtoto bado mchanga, nimfuate huko, jioni zipo. Nikaona atarudi mwenyewe.

Kisha mpaka ukafungwa.

Wengine walipita njia za panya, wakaenda na kurudi. Mimi nilikuwa afisa, jina langu liko kwenye kitabu. Nikajiona akilini nimekamatwa vichakani mbele ya watu niliowafundisha kusoma. Nikangoja. Mama alifia huko, mpaka ungali umefungwa.

Ulipofunguliwa nilikwenda kuliona kaburi. Jioni, baada ya kula, nilimwomba dada anisimulie hadithi ya jabali kama mama alivyokuwa anaisimulia. Akaanza vizuri, na sauti yake ilikuwa ya mama kabisa. Alipofika kwenye jabali akaimba mstari mmoja, akakwama, akaurudia tena.

"Na baada ya hapo?"

"Sijui, kaka. Hapo nilikuwa nalala. Wewe ndiye uliyekuwa unabaki macho mpaka mwisho."

Nilijaribu kuuendeleza ule mstari kimoyomoyo, lakini kilichonijia ni sauti ya yule mtangazaji wa redio akitaja matokeo.