Mchicha wa Maji Saba

Juzi jirani alimwaga samadi ya mbuzi kitaluni, na harufu ile ikanirudisha utotoni kwetu Mtongwe, alasiri moja ya Ramadhani, miaka ya vita, chakula kilipokuwa cha kupimiwa.

Siku hiyo mwalimu wa chuoni, tulikosomea Kurani, alitufundisha kwamba mavi ya mnyama ni najisi, na chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Leo najua mbwa na mbuzi hawana hukumu moja. Siku ile, wallahi, niliganda. Mchicha wetu ulilishwa samadi tangu enzi za Nabii Adamu! Basi swala zetu zote zilikuwa bure?

Mama alikuwa ameshachuma mchicha wa futari, akaenda kwa jirani kukuna nazi. Nikauosha maji saba, mtungi mzima ukaisha. Mwisho nikausugua kwa udongo mweusi niliouchota papo hapo kitaluni.

Mama akarudi na nazi yake. "Mwanaisha! Umeufanya nini?"

"Abee, mama. Nimeutoharisha."

"Mboga iliyoota kwenye samadi ni tohara, mwanangu! Huoshwa majani tu. Samadi yenyewe umeipaka wewe!"

Nikataka kuuosha tena, maji hamna. Kisima kilikuwa mbali kama Makka, na jua limezama. Adhana ikalia, mchicha haujapikwa. Baba, aliyeshinda akibeba magunia bandarini, alifungua saumu kwa tende moja, akautazama mtungi mtupu, kisha akanitazama mimi.

"Alhamdulillahi," akasema taratibu. "Leo tumetoharika mpaka matumbo."