Nimeuliza Kazi

Washenga wa mume wangu walipopanda kijijini kwetu Bombo kuniposa, baba yangu aliwauliza kijana anafanya kazi gani. Wakasema anacheza mpira, tena analipwa mshahara na timu moja ya Tanga. Walisema kwa kujidai kabisa, maana kwetu milimani wakati ule hatukuwahi kusikia mtu analipwa kwa jambo hilo. Baba akawajibu, "Kucheza nimesikia. Nimeuliza kazi."

Nikaolewa hivyo hivyo, baba akikubali shingo upande. Nilimpenda yule mwanamume na matege yake, na mpaka leo nampenda, ingawa soksi zake zimenitesa miaka yote. Baba alikuwa akipiga simu, ananisalimu, ananiambia tangawizi mwaka huu imekubali, halafu anamalizia, "Na huyo bwana, bado anacheza?" Mume wangu anacheka. Anacheka nini? Ilikuwa inamuuma. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, na mtu wa kumwita baba hapa duniani hakuwa naye ila huyu wangu.

Goti lilipomkataa tukahamia Same, akapewa timu ya mjini aifundishe. Nikampigia baba kwa furaha, nikamwambia mkwe wako sasa ni mwalimu.

"Anafundisha nini?"

"Mpira, baba."

"Kwa hiyo anafundisha watu wazima kucheza."

Nikakata simu. Ndiyo, baba yangu mzazi, nilimkatia simu, na akirudia nitakata tena!

Mwaka jana baba akashuka kutibiwa macho, akafikia kwetu. Jumapili kukawa na mechi. Asubuhi alimwona mkwewe anashindwa hata kumaliza chai, anazunguka sebuleni akiwafokea wachezaji ambao hawapo. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu anaumwa?" Nikamwambia hapana, ana mechi, na wewe leo unakwenda kuiona, sitaki maneno.

Uwanjani nikamketisha kwenye kiti cha plastiki karibu na mstari. Mume wangu alikuwa mbele yetu, anakimbia huku na huku na goti lile bovu, shati limelowa jasho, sauti imekauka. Baba alikuwa anamfuata kwa macho yake yanayotoka machozi ya dawa. Hata mpira hakuutazama.

Nyuma yetu dereva mmoja wa bodaboda akaanza. "Kocha kilaza! Mtoeni huyo mzee, hajui kitu!" Wenzake wakacheka. Haki ya Mungu, nilishavua kandambili nikamtie adabu. Baba akaniwahi. Alisimama na fimbo yake, akamgeukia yule kijana, akapaza sauti ambayo sikuisikia tangu nikiwa msichana.

"Wewe, koma! Humwoni mtu yuko kazini?"

Mwe! Nikaganda, kandambili mkononi. Mume wangu alikuwa amesikia. Akageuka, akaupa uwanja mgongo, akabaki anamtazama baba mdomo wazi, na hapo hapo wapinzani wakatufunga bao. Watu wakapiga kelele pande zote. Yeye wala hakugeuka. Mpaka leo hajui lilifungwaje, na mtu akitaka kumweleza anamwambia, "Acha tu."